Geji nne kwenye Land Cruiser 79 yenye turbo: sensa, paneli na nyaya

SWALI: Nina pickup ya Land Cruiser HZJ79, injini 1HZ, nabeba mbao kutoka Mafinga. Fundi alinifungia turbo. Sasa nataka nitengeneze mwenyewe paneli ya geji nne juu ya dashibodi: joto la moshi, presha ya turbo, presha ya oili na joto la maji. Geji za mm 52 nimeshanunua, ila sensa nimezipata huku na kule. Fundi mmoja ananiambia lazima nifunge relei (swichi inayoendeshwa na umeme), mwingine anasema nivute moto kwenye redio. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye sensa, ndugu yangu. Bati la paneli liache mwisho kabisa. Wengi hukata bati kwanza kwa sababu ndiyo sehemu inayopendeza, halafu sindano zikianza kudanganya inabidi kila kitu kifumuliwe. Na hilo la kwamba sensa umezipata huku na kule ndilo linalonitia wasiwasi kuliko relei.

Geji ya umeme na sensa yake ni jozi. Geji inachosoma ni ukinzani tu, yaani ohm. Presha na joto ni maandishi yaliyochorwa usoni kwa kuamini kwamba sensa ni ya mfumo wake. Geji za mfumo wa Ulaya kama VDO hutumia sensa ya presha inayoanza na ohm 10 pasipo presha na kupanda hadi karibu 180 mwisho wa kipimo. Za mfumo wa Kimarekani zinakwenda kinyume: ohm 240 pasipo presha, 33 mwisho wa kipimo. Ukiunga geji ya Kimarekani na sensa ya Ulaya, injini ikiwa imezimwa sindano italala mwisho kabisa. Hapo una bahati, kosa unaliona. Hatari iko katikati: kwenye karibu ohm 100 mifumo yote miwili inaonyesha nusu ya kipimo. Kwa hiyo barabarani geji itaonekana iko sawa, na siku presha ya oili inashuka, sindano itapanda. Utafurahi wakati injini inakufa.

Chukua mita ya umeme, weka kwenye ohm, ncha moja kwenye terminali ya sensa na nyingine kwenye bodi yake ya shaba. Sensa ya presha ikiwa mkononi isome karibu 10 au karibu 240, halafu linganisha na karatasi ya geji. Ya maji unaipima kwa kuitumbukiza ncha kwenye maji ya moto. Sensa ya VDO ya digrii 120 husoma karibu ohm 290 kwenye digrii 40 na karibu 50 kwenye digrii 90. Geji nayo ipime mezani kabla hujaifunga: ipe volti 12, unga resista ya ohm 47 kati ya terminali yake ya sensa na athi (upande hasi). Kama ni ya mfumo huo, sindano isimame juu kidogo ya 90. Resista hiyo inauzwa duka lolote la vifaa vya redio kwa bei ya karanga, na itakuambia ukweli ambao muuza geji hakukwambia.

Ukikuta sensa yenye nyaya tatu, hiyo ni familia nyingine: inalishwa volti 5 na geji yenyewe, inarudisha volti 0.5 hadi 4.5. Haiungwi na geji ya ohm kwa njia yoyote. Kama haikuja kwenye boksi moja na geji yako, irudishe dukani.

PRESHA YA OILI

79 yako tayari ina geji ya presha ya oili na ya volti kwenye dashibodi ya kiwandani. Usinyofoe sensa yake ukaiweka mpya mahali pake, na usijaribu kulisha geji mbili kwa sensa moja; ukinzani wa geji moja unavuruga usomaji wa nyingine na zote mbili zitakuwa waongo. Unahitaji tundu la pili la oili.

Hapa thredi ndizo zinazoharibu. Matundu ya oili ya injini za Toyota za namna hii ni 1/8 BSPT (thredi za bomba za mfumo wa Kiingereza), thredi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za dukani ni 1/8 NPT (za mfumo wa Kimarekani), thredi 27 kwa inchi. Upana wake unakaribiana, kwa hiyo NPT itaingia mizunguko miwili vizuri kabisa, kisha itakaza. Mtu anadhani ndiyo imebana sawasawa, anaongeza nguvu, thredi za bloku zinaliwa. Tumia adapta ya kubadilisha BSPT kuwa NPT. Usitegemee tepu nyeupe kuziba tofauti hiyo.

Jambo la pili ni uzito. Sensa ya presha yenye umbo la kopo ni nzito, na 1HZ ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) inatikisika vya kutosha. Ukiining'iniza kwenye tii ya shaba (kiungo cha njia tatu) iliyotoka ubavuni mwa bloku, tii hupata ufa shingoni. Siku ikikatika oili inatoka kwa presha, na injini haina muda mrefu baada ya hapo. Aliyekufungia turbo huenda alishachukua oili ya turbo kwenye tundu hilohilo, basi usibebeshe tii juu ya tii. Njia salama ni hosi fupi ya presha yenye suka ya chuma, sentimita 30 hadi 40, kutoka kwenye tii hadi kwenye mabano uliyoyafunga kwa bolti kwenye bodi ya gari, na sensa ikae pale. Kumbuka sensa ya terminali moja hupata athi yake kupitia thredi. Ikiwa mwisho wa hosi, mpira unaikatia njia. Ifungie waya wa athi kwa klempu kwenye bodi yake, uupeleke kwenye bloku ya injini.

Geji ya presha ya oili isiyo ya umeme, ile inayoleta oili yenyewe kwa kibomba chembamba hadi ndani ya gari, siipendekezi kwa gari la kazi. Kibomba kikikatika, oili ya moto iko miguuni kwako.

JOTO LA MAJI

Kipande cha bomba chenye tundu la sensa, kinachokatwa katikati ya hosi ya juu ya rejeta, ni rahisi kufunga na hakiharibu kitu. Pima kipenyo cha ndani cha hosi kwa kalipa kabla ya kununua, na kiungie athi kama nilivyosema kwa oili, kwa kuwa kiko kati ya mipira miwili. Lakini kina udhaifu ambao lazima uujue: hosi ikipasuka na maji yakaisha, sensa inabaki hewani. Hewa haipeleki joto kwenye sensa kama maji yanavyopeleka, kwa hiyo sindano hushuka wakati silinda hedi inaungua. Ukiweza kupata tundu lenye plagi kwenye silinda hedi au kwenye nyumba ya thamostati, pale ndipo bora. Ukishindwa, tumia hosi lakini ongeza sensa ndogo ya joto yenye jicho la bolti, ifungwe kwenye bolti ya hedi na kuunganishwa na king'ora. Chuma kinajua joto hata maji yakiwa hayapo.

Geji ya kiwandani iache iendelee kufanya kazi. Ile imetengenezwa dereva asihangaike. Hiyo yako itakuonyesha digrii kumi zikipanda.

JOTO LA MOSHI

Kwa gari lako hii ndiyo geji yenye thamani kuliko zote, na kama fedha ingetosha moja tu, ningesema nunua hii. 1HZ haikuundwa kwa turbo. Mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1, wakati ndugu yake 1HD-T aliyetoka kiwandani na turbo yuko karibu 18.6. Inavumilia turbo la upole, bar 0.5 hadi 0.7, mradi dizeli haijaongezwa kupita hewa iliyopo. Joto la moshi ndilo linalokuonyesha uwiano huo papo hapo. Maji yakianza kupanda umeshachelewa dakika kadhaa. Moshi unapanda ndani ya sekunde chache tangu ukanyage.

Sensa yake ni themokapo ya aina K: nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha, zinazotoa volti ndogo mno kulingana na joto. Kwenye digrii 700 ni takriban milivolti 29. Volti ndogo hivyo haisamehi uunganishaji wa kubahatisha. Usirefushe waya wake kwa waya wa kawaida wa shaba. Geji inajua joto la mahali nyaya za themokapo zinapoishia, kwa sababu inadhani zinaishia mgongoni mwake, na inaliongeza kwenye hesabu. Ukiunga shaba ndani ya boneti, mahali penye digrii 80, wakati geji iko ndani ya kebini kwenye digrii 30, tofauti ya digrii 50 inapotea hewani. Moshi una 720, wewe unasoma 670 na kuendelea kukanyaga. Kama waya haufiki, nunua waya wa kurefushia wa aina K, wenye metali zilezile, na soketi zake ambazo nazo ni za metali hizo.

Angalia na rangi. Kwenye nyaya za Kimarekani za aina K, njano ni chanya na nyekundu ni hasi. Ndiyo, nyekundu ni hasi. Fundi umeme wa magari akifuata mazoea yake ataigeuza. Za mfumo wa kimataifa ni kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Zikigeuzwa, sindano hurudi nyuma chini ya sifuri injini inapopata moto, au geji ya tarakimu inaonyesha joto linaloshuka.

Sensa ikae kwenye manifoldi ya moshi kabla ya turbo, pale njia za silinda zinapokutana, na ncha yake ifike katikati ya mkondo wa moshi. Ukiiweka baada ya turbo kazi ni nyepesi, ila turbo linakula sehemu ya joto, na mzigo ukiwa mzito tofauti inaweza kuwa digrii 100 hadi 200. Namba hiyo haitulii, kwa hiyo huwezi kujumlisha kichwani na kupata jibu. Kabla ya turbo.

Kutoboa manifoldi kunahitaji subira. Ishushe, au angalau shusha turbo, kwa sababu kipande kimoja cha chuma kikiingia kwenye mabawa ya turbo yanayozunguka, umemaliza. Chuma cha kumimina kinatobolewa kikavu, drili ikizunguka taratibu. Kwa fitingi ya 1/8 NPT toboa mm 8.5; kwa 1/4 NPT toboa mm 11. Piga senta panchi, anza na drili ya mm 4, kisha ya saizi kamili. Tapu ya NPT ni ya mteremko, ina unene unaoongezeka kadiri inavyoingia, kwa hiyo ukiipitiliza tundu linakuwa pana na fitingi haitabana kamwe. Ingiza tapu kidogo, itoe, jaribu fitingi kwa mkono. Ikiingia mizunguko miwili au mitatu kwa vidole, acha, malizia kwa spana. Paka thredi grisi ya shaba ya kuzuia kung'ang'ania, maana siku utakayotaka kuitoa baada ya mwaka wa moto itakukumbusha kama hukupaka. Safisha ndani ya manifoldi kwa hewa ya kompresa na sumaku ndipo urudishe. Chuma cha kumimina kinashikwa na sumaku vizuri, kwa hiyo pitisha mara mbili.

Kabla ya kufunga, jaribu jozi nzima kwa sufuria ya maji yanayochemka. Kwa Mafinga yatachemka kwenye digrii 94 hivi, kwa sababu mko juu. Usiitupe geji kwa kuwa haikufika 100.

PRESHA YA TURBO

Hii ni nyepesi. Geji inayoletewa hewa kwa mpira, isiyo ya umeme, inatosha, kwani kinachoingia ndani ya kebini ni hewa tu. Chukua hosi ya mm 4 kutoka kwenye manifoldi ya hewa, baada ya turbo. Usidanganyike na mpira wa vakyumu wa breki: kwenye 1HZ vakyumu hiyo inatoka kwenye pampu yake yenyewe, haihusiani na turbo, na ukiikata unachezea breki. Kama geji yako ina upande wa vakyumu chini ya sifuri, sindano haitakwenda huko kamwe, kwani dizeli hii haivuti vakyumu kwenye manifoldi kama petroli. Si ubovu. Sindano ikitetemeka, weka kwenye hosi kizuizi chenye tundu la mm 1. Mpira wa nailoni unaokuja na geji upitishe mbali na turbo. Ukiyeyuka, geji inasoma sifuri na wewe utadhani turbo limekufa.

PANELI

Geji ya mm 52 inahitaji tundu la mm 52, lakini pete yake ya mbele huwa na mm 56 hadi 60. Weka mm 65 kutoka kati ya tundu hadi kati ya tundu, na mm 35 kutoka kati ya tundu la mwisho hadi ukingo. Kwa geji nne unapata urefu wa mm 265, kimo mm 80. Nyuma acha nafasi ya mm 80, ukihesabu mwili wa geji, klipu zake na mikunjo ya nyaya. Hapo ndipo watu hukosea: paneli inakaa vizuri bila nyaya, zikiingia haikai tena.

Bati la alumini la mm 2 ndilo ninalolichagua. Plastiki ya akriliki ya mm 3 inapendeza dukani lakini inapasuka kwenye kona za matundu na kupinda juani. Wanaochapisha kwa mashine za 3D wajue kwamba plastiki ya PLA hulegea kwenye takriban digrii 60, joto ambalo juu ya dashibodi chini ya kioo linafikiwa adhuhuri tu. Kama ni kuchapisha, tumia plastiki ya ABS au ASA.

Misumeno ya duara ya drili mara nyingi inapatikana ya mm 51. Hiyo inafaa: toboa kwa mzunguko wa taratibu, bati likiwa limebanwa juu ya ubao, kisha panua kwa tupa ya nusu duara ukijaribu geji kila mara. Ondoa makali pande zote mbili, maana nyaya zitapita hapo na gari hili linatikisika. Paka rangi nyeusi isiyong'aa. Inayong'aa inarudi kwenye kioo cha mbele usiku kama taa ya pili. Uso wa paneli uelekeze kwa dereva kwa digrii 10 hadi 15.

Kabla hujakaza nati za klipu, zungusha kila geji ndani ya tundu lake ili sindano ikiwa kwenye hali ya kawaida ielekee juu. Maandishi yatakaa upande upande, na watu watakuuliza kulikoni. Waache. Ukiwa unakata kona za mlima Kitonga na mzigo, huna nafasi ya kusoma namba nne. Unaangalia kama sindano zote zimesimama wima, ile iliyoinama ndiyo inayokuita. Klipu zikaze kwa vidole na robo mzunguko tu, zaidi ya hapo zinapasua mgongo wa geji.

UMEME

Kwanza pima betri. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni za volti 24. Betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo zinaua geji ya volti 12 kwa sekunde moja, kwa hiyo usiangalie idadi ya betri, angalia mita.

Sasa relei. Hebu tupige hesabu. Geji moja ya umeme hula takriban ampea 0.15. Balbu ndogo ya wati 2 hula 0.17. Hata tukihesabu zote nne kana kwamba ni za umeme, jumla ni kama ampea 1.3. Swichi ya gari haiumwi na mzigo huo. Relei itakuongezea nyaya nne na maungio manane ya kuja kulegea, bila faida. Ungekuwa unafunga taa za kazi ningesema vingine.

Kuhusu redio, huo ni ushauri wa haraka haraka. Waya wa moto wa redio uko kwenye nafasi ya ACC (ile ya ufunguo inayowasha vifaa kama redio), na ACC hukatwa unapopiga stata. Geji zitazima kila ukiwasha, na za tarakimu zitaanza upya. Zaidi ya hapo, presha ya oili unataka kuiona ikipanda tangu stata inazunguka. Fungua boksi la fyuzi, weka mita kwenye volti, mtu akushikie ufunguo: tafuta fyuzi yenye moto swichi ikiwa ON na ambayo haipotezi moto stata inapozunguka. Hapo ingiza kishikio cha fyuzi chenye mkia wa waya, kile kinachobeba fyuzi mbili: ya zamani inabaki palepale, na yako ya ampea 3 inakaa juu yake. Kina upande. Mguu wenye moto wa boksi uwe ule unaolisha fyuzi zote mbili. Kikigeuzwa, mzigo wako unapita ndani ya fyuzi ya zamani kwanza. Kuzungushia waya kwenye mguu wa fyuzi na kuisukuma irudi ndani kunapanua klipu ya boksi, na klipu iliyopanuka hupata moto hadi plastiki iyeyuke.

Nyaya za moto na taa ziwe mm² 0.75. Athi ya paneli iwe mm² 1.5, na hapa usifanye haraka. Sensa zako ziko kwenye injini, geji ziko kwenye bodi. Kama mkanda wa athi unaounganisha injini na bodi umeshika kutu, kuna tofauti ya volti kati ya hizo mbili, na geji inaihesabu kama presha au joto. Dalili yake haifichiki: ukiwasha taa kubwa au feni ya kebini, sindano zinasogea wakati injini haijabadilika chochote. Peleka athi ya paneli mahali mkanda huo unapofungwa kwenye bodi, kwangua rangi hadi chuma king'ae, tumia jicho la waya lililobanwa kwa koleo yake, na juu yake paka grisi. Kisha washa kila kitu gari likiwa linanguruma, weka mita kati ya athi ya paneli na terminali hasi ya betri. Isizidi volti 0.1. Rudia kati ya bloku ya injini na terminali hiyohiyo.

Taa za geji chukua kwenye waya wa taa ndogo. Toyota nyingi za zamani zina kifinyu cha mwanga (swichi ya kupunguza taa za dashibodi) kilichowekwa upande wa athi, kwa hiyo ukiunga athi ya balbu zako moja kwa moja kwenye bodi, taa zitawaka kwa nguvu zote usiku na kifinyu hakitazigusa. Pima kwanza: washa taa ndogo, weka mita kati ya upande wa athi wa balbu mojawapo ya dashibodi na bodi, zungusha kifinyu. Volti ikibadilika, athi za balbu zako ziunge huko.

Nyuma ya paneli weka soketi moja ya pini sita: moto, athi, moto wa taa, athi ya taa, ishara ya oili, ishara ya maji. Siku ya kufungua dashibodi utachomoa kitu kimoja. Themokapo isipite kwenye soketi hiyo, iende yenyewe bila kukatwa hadi kwenye geji. Hosi ya turbo nayo kivyake. Maungio mengine yabanwe kwa koleo ya terminali na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto; selotepu nyeusi baada ya jua la miezi michache inakuwa gundi tupu na waya unabaki uchi.

Kutoka kwenye injini, pita kwenye mpira wa kiwandani ulio kwenye ukuta wa injini. Usitoboe bati jipya kama la zamani lina nafasi. Kabla nyaya hazijaingia, ziache zishuke kidogo kisha zipande, ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata waya hadi kebini. Funika kwa bomba la mikunjo, funga kila sentimita 25, na karibu na turbo vaa ala ya nyuzi za kioo.

KUWASHA KWA MARA YA KWANZA

Swichi ON, injini bado. Oili isome sifuri, maji yasome joto la siku hiyo au sindano ikae chini kabisa, moshi usome joto la hewa. Chomoa waya wa sensa ya maji kisha uguse athi: sindano iende mwisho mmoja na mwingine. Isipokwenda, tatizo ni waya au geji. Ikienda, tatizo lolote litakaloonekana liko kwenye sensa. Washa injini, angalia uvujaji kwenye hosi ya oili kwa tochi, ukae hapo dakika tano. Kisha gari lipate joto, zima, angalia tena, maana fitingi nyingi huanza kuvuja zikipoa.

Barabarani, ukiwa na mbao na mlima, moshi ukikaribia digrii 700 kabla ya turbo basi legeza mguu. Ukizivuka kwa muda mfupi si msiba, ila usikae huko. Dawa si kukanyaga zaidi ili mlima uishe upesi; shusha gia moja, mizunguko ipande, hewa iwe nyingi kuliko dizeli, utaona sindano inashuka. Kama hata hivyo haishuki na bar za turbo ziko chini ya ulizozizoea, tafuta hosi ya hewa iliyochomoka au chujio la hewa lililojaa vumbi. Bar ziko sawa na moshi bado unapaa: dizeli imefunguliwa kupita kiasi kwenye pampu, mrudishe fundi aipunguze. Kabla ya kuzima gari baada ya mlima, acha silensa mpaka moshi ushuke chini ya 200, ndipo ugeuze ufunguo.